Tuwaulize Wazee Kazi za Mikono Yao

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii sisi watu wa pwani haitutoki kinywani. Hutajwa harusini, hutajwa matangani, hutajwa barazani baada ya Isha. Hivi majuzi nilikuwa nimeketi Mombasa na vijana sita, wote wasomi, wote Waswahili wa kuzaliwa, nikawauliza: ngama ni nini? Mmoja alisema ni nyumbani. Wa pili alisema ni bandari ya kale. Wa tatu alicheka akasema, "Hilo ni neno la methali tu." Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ngama ni pale chini tumboni mwa chombo ambapo maji hujikusanya, na baharia hushuka kuyafua asije akazama. Aliyetoa methali hiyo alikuwa mtu wa kazi. Alijua kwa maumivu ya mgongo wake kwamba hata ukitembea kutoka nyuma ya jahazi mpaka mbele, mwishowe utateremka pale pale ukafue maji.

Neno langu la leo, ndugu msomaji, latokana na ngama hiyo. Kurasa za utamaduni kama huu huandikwa sana habari za mashairi, ngoma, mavazi na mila za ndoa, na ni vyema ziandikwe. Lakini kazi ya mikono nayo ni utamaduni, na nachelea kwamba ndiyo sehemu tunayoizika upesi kuliko zote. Fundi akifa twamzika kwa heshima, twamsomea khitma, halafu sanduku lake la vyombo twalitia stoo mpaka mnunuzi wa vyuma vikuukuu apite mlangoni.

Sisemi haya kwa kuwacheka wengine. Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mitambo ya meli bandarini Kilindini kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimwuliza habari za ukoo wetu, nikaandika majina mpaka babu wa saba. Nilimwuliza nani alihamia wapi, na nani alimwoa nani. Lakini sikumwuliza hata siku moja, "Baba, leo kazini umefanya nini?" Alipofariki tulikuta sandukuni mwake chombo cha shaba, kizito, chenye tarakimu zilizochongwa ubavuni, kimezongwa kwa kitambaa safi kilichotiwa mafuta. Hakuna aliyejua kazi yake. Baada ya mwaka kiliuzwa kwa kilo, na aliyekipeleka mizani ni mimi. Kitambaa kile ndicho kinachoniumiza mpaka leo, kwa maana mtu hakizongi hivyo kitu asichokithamini.

Safari ya Kiwanjani

Kwa sababu hiyo nilifunga safari kwenda Isiolo kumwona mjomba wangu. Mjomba ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, lakini makao yake kwa miaka mingi ni Kiwanjani, mtaa ulio kando ya kiwanja cha ndege cha Isiolo, na jina lake lenyewe lamtangaza jirani yake. Alipelekwa huko na kazi mwaka 1974 akiwa fundi kijana wa simu, akaoa katika Waborana, na tangu hapo harudi pwani ila kwa misiba na kwa sikukuu.

Siku hizo mtumishi aliyepelekwa Isiolo alipewa pole na wenziwe. Lami iliishia hapo. Mbele yake mpaka Moyale ilikuwa ni vumbi na mawe, na lori liliweza kulala njiani siku kadhaa. Vita vya shifta vilivyoanza 1963 vilikuwa vimekwisha mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari katika wilaya za kaskazini hazikufutwa mpaka 1991, na msafiri aliyetaka kuendelea juu ilimbidi ajieleze kizuizini kwa polisi. Leo mambo ni mengine. Lami imefika Moyale. Kiwanja cha ndege kilipanuliwa, kikafunguliwa upya mwaka 2017. Na mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, umeitia Isiolo katika ramani kuwa njia panda ya barabara itokayo pwani kwetu.

Nilifika wakati wa Alasiri, mkononi nina haluwa na tende. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu. Kibokoni hawajambo?" Mkaza mjomba alitutengea buna, ambayo ni kahawa ikaangwayo na maganda yake katika samli, ikanywewa na maziwa. Mwenyeji wa kahawa chungu ya Mombasa huistaajabia mara ya kwanza, na mara ya pili huomba aongezwe.

Baada ya kula na kuswali nikatoa daftari langu kwa mbwembwe, nikauliza swali nililoliandaa tangu Mombasa: "Mjomba, hebu nieleze maisha ya zamani yalikuwaje?"

Akajibu kama wajibuvyo wazee wote wa dunia hii. "Yalikuwa mazuri, mwanangu. Watu walipendana. Vitu vilikuwa rahisi." Kisha akanyamaza.

Nilidhani mzee amesahau, au amechoka. Sivyo. Swali langu ndilo lililokuwa tupu. Ukimwuliza mtu habari ya maisha yote atakupa jibu la watu wote. Nikainua macho kwa haya, nikaona rafuni simu nyeusi ya kizamani, haina tarakimu usoni, na ubavuni ina mpini mdogo wa kuzungusha. Nikauliza, basi tu niseme neno, "Mjomba, mpini huu kazi yake nini?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, na hayakwisha mpaka tuliposikia adhana ya Alfajiri.

Mpini na punje za kaboni

Mjomba aliishusha simu ile, akaagiza bisibisi, akaifungua juu ya mkeka. Nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Mikono iliyokuwa ikitetemeka na kikombe cha buna haikutetemeka na bisibisi.

Akanionyesha. Mpini huzungusha koili ya waya katikati ya sumaku. Mzunguko ule hutoa umeme, umeme hukimbia wayani mpaka kituo cha simu, na huko kijilango kidogo huanguka ubaoni mbele ya opereta. Opereta huona ni nambari gani imeanguka, huchomeka kamba yake katika tundu, huuliza mtu anataka nani, kisha huchomeka kamba ya pili kwa yule anayetakiwa. Kwa hiyo sauti yako ilipita mikononi mwa mtu. Na ndani ya kinywa cha simu mna punje za kaboni. Ukisema, pumzi ya sauti huzibana na kuziachia, na umeme wa betri mbili kavu nao hupungua na kuzidi vivyo hivyo. "Waya haupeleki maneno," alisema mjomba. "Wapeleka mbano na mwachio. Maneno huyatunga sikio la mwenzio."

Elimu hii aliipata katika chuo cha Mbagathi karibu na Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1948 kuwafundisha mafundi wa posta na simu wa Afrika Mashariki, na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Multimedia. Aliingia kazini wakati posta na simu zikiendeshwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 alibaki katika shirika la Kenya, naye akastaafu mwaka mmoja kabla simu na barua hazijatenganishwa mwaka 1999. Haya yote niliyajua. Yameandikwa katika karatasi zake za kazi. Lililokuwa halijaandikwa popote ni hili nitakalolisimulia.

Maili ishirini

Ilikuwa mwaka 1976, baada ya Magharibi. Watu wanne walikuja mlangoni kwa mjomba, madereva na utingo wa malori. Mwenzao, kijana wa Mombasa, alikuwa amefariki jioni ile kwa homa. Maiti haiwekwi, na kumrudisha pwani kulikuwa hakuwezekani. Asubuhi angesaliwa na kuzikwa Isiolo. Walitaka jambo moja: mamake aambiwe kabla mwanawe hajatiwa kaburini, ili nao huko wapate kumsalia swala ya ghaibu na kumwombea.

Laini ya Nanyuki ilikuwa mbovu tangu Adhuhuri. Kengele haikufika, na sauti yote ilimezwa na mvumo. Mjomba alikuwa amenuia kuishughulikia kukipambazuka, kwa sababu njia ile usiku haikuwa ya mchezo.

Hapo nilimkatiza. "Mjomba, njia ni maili hamsini na ni giza. Utajuaje waya umeharibikia wapi?"

Akaivuta karatasi ya haluwa, akaigeuza, akachora mistari miwili. Hizi ni nyaya mbili, alisema, mmoja mzima, mmoja mahali fulani unagusa chuma cha nguzo na umeme wake unaingia ardhini. Mafundi wa Isiolo na wa Nanyuki walikuwa na miadi ya kudumu: laini ikiharibika na hawasikilizani, kila saa kamili yule wa upande wa pili ataziunga nyaya hizo mbili kwa dakika kumi, bila kuulizwa. Basi maili hamsini za kwenda na hamsini za kurudi zikawa kamba moja ya maili mia. Fundi wa Isiolo huiunga kamba hiyo na sanduku la kupimia lenye mikono miwili. Huongeza huku na kupunguza kule mpaka mshale wa kipimo utulie katikati. Ukitulia, hesabu imekwisha. Usiku ule mkono mmoja ulisoma 1,000 na wa pili 250. Jumla ni 1,250. Na 250 ni sehemu ya tano ya 1,250. Sehemu ya tano ya maili mia ni maili ishirini. Ubovu uko maili ishirini kutoka Isiolo, na mjomba hajainuka kitini.

Walitoka na Land Rover, yeye, dereva, na wasaidizi wawili, mmoja Mborana na mmoja Mturkana. Penye maili ishirini wakashuka, wakamulika nguzo moja moja kwa tochi. Hesabu ilikosea kwa nguzo tatu. Kikombe cheupe kinachoushika waya kilikuwa kimevunjika, na waya umelala juu ya chuma. Baridi ya mteremko wa Mlima Kenya ilikuwa ya kukata vidole. Mjomba akapanda kwa mkanda, akabadilisha kikombe, akauinua waya, akaufunga. Kisha, akiwa bado juu, akaikwamisha wayani simu yake ya majaribio, akazungusha mpini.

Opereta wa Nanyuki akaitika. Nanyuki akamuunga Nairobi, Nairobi akamuunga Mombasa, na kengele ikalia katika duka moja Mji wa Kale, jirani na nyumba ya marehemu. Mwenye duka akatoka mbio kwenda kumwita mama. Mjomba akangoja, ananing'inia katika giza, na alipokuja mama yule ni yeye mjomba aliyemwambia.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Sauti ilikuwa safi, mwanangu. Katika laini zote nilizotengeneza sijapata kusikia iliyo safi kama ile. Nilisikia kila kitu. Usiku ule nilitamani uwepo mvumo."

Nikamwuliza kwa nini habari hii hatukupata kuisikia, sisi wapwa zake, miaka yote hii. Akanijibu mambo mawili. La kwanza, kwamba lisikikalo wayani ni amana, na hata sasa ameisema kwa kuwa wahusika wametangulia na jina halitaji. La pili alilisema huku akiirudisha simu rafuni: "Na tena hakuna aliyeniuliza mpini kazi yake nini."

Kiswahili cha nguzoni

Sasa nataka nilete hoja ambayo yawezekana wengine hawataipenda.

Twasikia kila mara watu wazima, wenye shahada, wakisema kwamba Kiswahili ni lugha ya mapenzi, mashairi na siasa, lakini ukiingia katika ufundi hakina uwezo. Watu hao hawajaketi na fundi mzee. Mjomba alifundishwa Mbagathi kwa Kiingereza, na vitabu vyake vyote vilikuwa vya Kiingereza. Lakini alipofika kazini wasaidizi wake walikuwa Waborana, Waturkana, Wameru na Wasomali, na hapakuwa na lugha nyingine iliyowakutanisha ila Kiswahili. Kosa la maneno pale lingeweza kumwua mtu, kwa kuwa aliyeko juu ya nguzo hupanda na kushuka kwa neno la aliyeko chini. Basi walikuwa na maneno. Mengine waliyakopa wakayafanya yao, kama shoti na athi. Mengine waliyatoa katika lugha yenyewe: kikombe cha waya, nguzo ya kona, waya uliolegea, waya unaovuja, mvumo, mwangwi. Sauti ya simu moja ilipojipenyeza katika nyingine mjomba na wenziwe waliita "mdoezi", kwa kuwa imekuja karamuni bila kualikwa. Nimetafuta neno zuri kuliko hilo sikuliona.

Sidharau kazi ya wataalamu. BAKITA tangu mwaka 1967, na taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamefanya kazi kubwa ya kutunga istilahi, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotoka mwaka 1990 ni ushahidi. Ninalosema ni kwamba sehemu ya kazi hiyo ilikwisha kufanywa juani na mvuani na watu ambao hawakualikwa katika kamati. Maneno yao hayamo kamusini kwa kuwa hakuna aliyewaendea na daftari. Wenyewe wana miaka sabini na themanini sasa. Hatutangoja sana.

Tazama neno simu lenyewe. Asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Lilitufikia kama yalivyotufikia maneno mengi, kwa njia ya bahari. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Zanzibar. Mwaka 2009 mkongo wa TEAMS, wenye nyuzi za kioo badala ya shaba, uliletwa kutoka Fujairah mpaka Mombasa. Njia ni ile ile ya majahazi ya kaskazi. Nilipomwonyesha mjomba simu yangu ya mkononi nikamwambia kwamba siku hizi hakuna waya, alicheka mpaka akakohoa. "Upo," akasema. "Ila mmeuzamisha baharini msiuone. Na jina lake bado mwalitaja kila siku."

Kata nusu

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba elimu ya mjomba imepitwa na wakati, kwamba ubao wa opereta umo makumbusho, na kwamba kijana wa leo hana haja ya kujua mpini huzungusha nini. Nami nilifikiri hivyo mpaka usiku ule.

Mjukuu wa mjomba, kijana wa miaka ishirini na kitu, ana meza yake mjini Isiolo ambapo hutengeneza simu za mkononi. Alikuwa amejilaza pembeni, amejifanya hasikilizi. Mjomba alipokuwa akieleza namna ya kutafuta ubovu pasipo sanduku la kupimia, alisema: usianze nguzo ya kwanza ukaenda mpaka ya mwisho. Nenda katikati, upime. Upande mmoja utakuwa mzima, uache. Upande mbovu nao ukate nusu, upime tena. Nguzo elfu moja utazimaliza kwa vipimo kumi.

Kijana akainuka. "Babu, mimi hufanya hivyo hivyo. Simu ikikosa moto hupima katikati ya bodi kwanza, nijue umeme umefika au haukufika." Mjomba akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Nani alikufundisha?" Kijana akasema alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu simu za watu mwaka mzima.

Mwaka mzima! Na mwalimu alikuwa chumba cha pili, anakunywa buna. Wametiwa paa moja, wanakula sinia moja, wanaswali safu moja, na kila mmoja hajui kwamba mwenziwe afanya kazi ile ile. Kijana hudhani ufundi wake umeanza na simu iliyotoka ng'ambo juzi. Mzee hudhani ufundi wake umekufa pamoja na nguzo. Wote wawili wamekosea, na sisi tulio katikati yao, watu wa umri wangu, ndio tuliolegeza waya.

Namna ya kuuliza

Sisi Waislamu wa pwani hatuna udhuru katika jambo hili, kwa kuwa dini imetuzoeza kuuliza vizuri. Mwanachuoni akitoa hadithi hatuishii katika maneno. Twauliza: umeipokea kwa nani, naye aliipokea kwa nani? Silsila hiyo ndiyo inayoipa elimu uzito. Mbona hatumwulizi fundi silsila yake? Nilimwuliza mjomba nani alimfundisha kupanda nguzo bila kuogopa. Akanitajia fundi mmoja wa Kihindi wa Mombasa, aliyemfungia mkanda kwa mikono yake siku ya kwanza akamwambia uamini mkanda usiamini mkono. Maneno hayo mjomba naye aliwaambia wote waliopanda baada yake. Na tunasoma kwamba Nabii Daudi, amani imshukie, alilainishiwa chuma akafua deraya, na Nabii Nuhu aliunda jahazi kwa mikono yake. Kama kazi ya mikono ilikuwa heshima kwao, haiwi dhila kwetu kuiuliza.

Basi naomba nitoe ushauri niliojifunza kwa makosa yangu. Usimwendee mzee na swali la maisha ya zamani. Mwendee na kitu: spana, msumeno, cherehani, daftari la mapato, picha ya kazini. Kiweke mkononi mwake. Mwulize hiki kazi yake nini na huitwaje, na jina atakalokupa usilisahihishe hata kama si la kamusi. Mwulize habari ya siku moja, kazi moja, iliyomshinda au iliyomtoa jasho. Mwulize nani alimfundisha na yeye alimfundisha nani. Akikuambia jambo hili ni amana, liache. Mjukuu naye awepo, hata akijifanya hasikii. Simu iliyo mfukoni mwako yaweza kunasa sauti kwa saa nyingi. Inase, kisha uandike.

Wala usiwaulize wanaume peke yao. Mkaza mjomba aliposikia habari za kupima na kungoja alitoka jikoni akatuuliza kama twajua samli hujulikanaje imeiva bila kuonjwa. Hatukujua. Akatueleza kwa mlio wake, namna unavyokuwa mnene maji yakiwamo na unavyopungua yakimalizika. Hayo nayo ni maarifa ya kupima, na sanduku la kupimia ni sikio. Nimeyaandika katika daftari lile lile.

Asubuhi yake mjomba alinisindikiza mpaka stendi, na njiani alinionyesha mahali zilipopita nguzo. Hazipo tena, lakini yeye alizihesabu zote, hata ile iliyokuwa ikiangushwa na upepo kila mwaka. Tulipoagana akaniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake. "Babako marehemu alikuwa fundi wa meli. Alikuwa na kipimo kimoja cha shaba, chenye tarakimu ubavuni. Alinionyesha mara moja, akanieleza kazi yake. Mnacho?"

Niliinamisha kichwa nikamwambia tulikiuza kwa kilo. Hakunilaumu. Alivuta pumzi, akasema, "Basi ukija tena nitakueleza kilivyokuwa kikitumika. Njoo mapema."

Nitakwenda, inshallah, na daftari jipya. Nawe, ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyefanya kazi ya mikono, usiisubiri safari. Mwulize leo, kabla ya Isha.